Kibaya Chajitembeza? Jioni Moja na Wachuuzi wa Vyakula mjini Hanoi

Katika msamiati wetu yamo maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huyajua kwa kamusi tu. Huyakariri, pengine huyatumia katika mtihani, ilhali kitu chenyewe hajapata kukiona. Kwangu mimi 'mzegazega' lilikuwa mojawapo ya maneno hayo. Ni namna ya kuchukua mizigo miwili iliyoning'inizwa kwenye ncha mbili za mti ulazwao begani, na wapo wazee wa pwani wanaowakumbuka wachukuzi wa maji waliopita vichochoroni kwa mtindo huo. Mimi nilizaliwa bara, katika mji mdogo uliozuka kando ya reli, na huko mzigo huenda kwa mkokoteni, kwa baiskeli au kwa mgongo wa mama. Mzegazega niliuona kwa mara ya kwanza Novemba mwaka 2023, mjini Hanoi, Vietnam. Ulikuwa umelala juu ya bega la mwanamke wa makamo aliyevaa kofia pana yenye umbo la pia. Upande mmoja wa mwanzi lilining'inia jiko la makaa na sufuria iliyokuwa ikifuka mvuke. Upande wa pili palikuwa na bakuli, vijiti vya kulia, beseni na vigoda vinne vya plastiki. Mama yule alikuwa amejitwika mkahawa mzima, na alitembea kwa mwendo wa kudundadunda ili mti upande na kushuka pamoja na hatua zake. Wenyeji huuita mzigo huo 'quang gánh'.

Nilikuwa nimealikwa katika warsha ya wiki mbili ya wanafunzi wa tafsiri kutoka nchi mbalimbali. Jioni ya siku ya tatu wenyeji wetu walituandalia matembezi ya miguu katika mji wa kale ili tuonje vyakula vya mitaani. Tulikuwa watu saba, na kiongozi wetu alikuwa msichana mwanafunzi anayejipatia karo kwa kuwatembeza wageni.

Ndugu msomaji, sikusudii kukutia mate mdomoni tu. Nilikwenda Hanoi nikiwa na donge rohoni. Wiki chache kabla ya safari nilikuwa nimewasilisha mbele ya jopo pendekezo la tasnifu yangu juu ya miito ya wachuuzi: maneno, mahadhi, takriri na utani ambao muuzaji huutumia kuwaita wateja barabarani. Mmoja wa wanajopo aliniuliza, tena kwa upole, iwapo hiyo ni fasihi au ni kelele. Wengine walicheka. Niliombwa nikafikirie upya 'utanzu unaotambulika'. Swali lile lilinikera kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma, nayo nitaifikia. Ya pili ni kwamba mama yangu ni mchuuzi.

Kwa zaidi ya miaka 20 mama ameuza chapati na ndengu. Alfajiri kwa vibarua, jioni kwa wasafiri. Kabla hajapata kibanda alizungusha chapati zake kituoni katika ndoo ya plastiki iliyofunikwa kitambaa. Kila aliyepitia shule zetu amewahi kuandikishwa insha juu ya methali isemayo kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku moja mteja mmoja alimtupia mama methali hiyo kwa mzaha huku akimega chapati yake. Mama akamjibu, 'Chapati hazina miguu, baba. Anayetembea ni mimi.' Sijasoma mahali popote uhakiki wa methali hiyo uliofika mbali kuliko jibu hilo. Methali ni ya mwenye duka. Anayemiliki mlango huweza kukaa na kungoja kizuri chake kijiuze. Asiye na mlango hana budi kukitembeza, kiwe kizuri au kibaya.

Hanoi ni mji ulioutukuza uchuuzi hadi katika majina yake. Mfalme Lý Thái Tổ aliufanya makao makuu mwaka 1010, ukiitwa Thăng Long, na upande wa mashariki wa ngome yake mafundi na wafanyabiashara walijipanga mtaa kwa mtaa kulingana na bidhaa. Neno 'hàng' ni bidhaa, na majina ya mitaa huanza nalo: Hàng Bạc ni wa fedha, Hàng Đường wa sukari, Hàng Muối wa chumvi, Hàng Chiếu wa mikeka, Hàng Mắm wa mchuzi wa samaki. Siku hizi vitu vingi vimehama, ingawa Hàng Thiếc, mtaa wa bati, bado unavuma kwa nyundo. Sisi nasi tuna Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, majina yaliyotokana na kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwamba soko lipewe jina la wabeba mizigo ni jambo ambalo hatulitafakari vya kutosha.

Kabla ya kuanza safari kiongozi wetu alimwuliza kila mmoja umri wake. Mzungu mmoja aliyekuwa nasi aliona swali hilo halina adabu. Mimi nililielewa upesi. Katika Kivietinamu cha kila siku mtu hawezi kusema tu 'mimi' na 'wewe' pasipo kujua mahali pake katika ukoo wa wasemaji. Viwakilishi vyao vingi ni majina ya jamaa. Kwa kuwa nilimzidi miaka mitano, mimi nikawa 'chị', yaani dada mkubwa, naye akajiita 'em', yaani mdogo wangu. Wauzaji wa makamo aliwaita 'cô', shangazi, na vikongwe aliwaita 'bà', bibi. Sisi tunaomwita mama kila mwanamke aliyetuzidi umri, na tunaosita kumtaja mzee kwa jina lake, hatuna la kushangaa hapo. Tofauti ni kwamba kwetu jambo hilo ni adabu tu; kwao limeingia hata katika sarufi.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha bánh cuốn. Juu ya sufuria ya maji yanayochemka hutandazwa kitambaa kilichokazwa kama ngozi ya ngoma. Muuzaji humimina upawa wa uji mwepesi wa unga wa mchele, akautandaza kwa mzunguko mmoja wa mkono, akafunika. Kabla hujamaliza kuhesabu hadi thelathini, uji umekuwa shuka nyororo ipenyayo nuru. Huibandua kwa kijiti cha mwanzi, akaijaza nyama iliyosagwa na uyoga mweusi, akaikunja na kuinyunyizia vitunguu vya kukaanga. Bibi aliyetuhudumia hakuwa akitazama mikono yake. Alikuwa akizungumza na jirani yake aliye ng'ambo ya njia.

Neno 'bánh' lilinifurahisha kuliko chakula chenyewe. Wageni huambiwa kuwa maana yake ni keki, kisha wakachanganyikiwa wanapoletewa kitu chenye nyama ndani. Bánh cuốn ni ya mvuke, bánh mì ni ya ngano, bánh rán ni ya kukaangwa, bánh chưng ni mchele uliofungwa majanini na kuchemshwa kwa ajili ya mwaka mpya. Kiingereza hakina neno moja la kuvibeba vyote hivyo. Kiswahili kinalo. Tunao mkate wa ngano, mkate wa kumimina, mkate wa sinia, mkate wa mayai, mkate wa nyama, mkate wa mofa. Mswahili hashangai mkate ukiwa na nyama, au ukiwa mtamu, au ukiwa wa mchele. Kesho yake katika warsha niliposimama na kusema 'bánh ni mkate', mwenzangu wa Hanoi aliniomba nimwandikie orodha hiyo yote. Ilinipendeza kuona tafsiri ikivuka kutoka Bahari ya Hindi hadi bonde la Mto Mwekundu pasipo kupitia London.

Kituo cha pili kilikuwa cha bún chả: nyama ya nguruwe iliyochomwa kwa makaa, ikaelea katika mchuzi wa samaki wenye siki, sukari, vitunguu saumu na vipande vya papai bichi. Pembeni huletwa tambi nyembamba za mchele na rundo la majani mabichi, yakiwemo nanaa, giligilani na mengine nisiyoyajua kwa jina lolote. Mwenzetu Mwislamu kutoka Indonesia alikaa nasi, akaagiziwa tofu ya kukaangwa kwa jirani. Mchuzi wa samaki, nước mắm, hutengenezwa kwa dagaa na chumvi vilivyowekwa katika mapipa kwa miezi mingi, hata mwaka, hadi umajimaji wake wa rangi ya kahawia ukachuja. Harufu yake humfukuza mgeni, kisha ladha yake humrudisha. Aliyezoea omena hatakimbia mbali.

Kiongozi wetu aliposikia kuwa nimetoka Kenya alitamka neno moja tu: 'Obama.' Mei mwaka 2016, Rais wa Marekani wa wakati huo, ambaye baba yake alizaliwa Kenya, alikula bún chả mjini humo pamoja na mpishi na msimulizi Anthony Bourdain, wameketi juu ya vigoda vya plastiki. Hesabu yao ilikuwa dola 6. Meza waliyoitumia sasa imefungiwa ndani ya kisanduku cha kioo, pamoja na vyombo vyake.

Hatukwenda kwenye kioo hicho. Tulikwenda kutafuta bánh rán, viduara vya unga wa mchele wa kunata vilivyokaangwa na kuviringishwa kwenye ufuta. Muuzaji alikuwa mama mmoja aliyetua mzegazega wake kwenye pembe ya njia. Nilipouma cha kwanza nilisimama. Ndani mlikuwa na ndengu! Ndengu zile zile za mama, zilizopondwa, ila zimetiwa sukari. Nilimweleza kiongozi, naye akamweleza muuzaji kuwa mama yangu huuza maharage hayo hayo kwa chumvi na vitunguu, pamoja na mkate wa ngano. Muuzaji alicheka kama mtu aliyesikia habari za wendawazimu, akaniongezea viwili bila malipo.

Tukiwa bado tunatafuna, ghafla sauti ilipita barabarani, si ya kelele, ni mnong'ono uliokimbia kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine. Gari la maafisa wa ukaguzi lilikuwa limekata kona. Kufumba na kufumbua vigoda vilikuwa vimepandanishwa, jiko limeinuliwa, mwanzi uko begani, na mama yule anatokomea kichochoroni kwa mwendo ule ule wa kudundadunda ila wa kasi mara tatu. Wateja walibaki wamesimama, bakuli mikononi. Wenzangu walikuwa wameduwaa. Mimi nilikuwa tayari nimeinua kigoda changu na cha jirani yangu na kumfuata navyo. Hakuna aliyenielekeza. Nina uzoefu wa utotoni. Katika mji wetu, askari walipokuja kituoni, kazi yangu ilikuwa kukimbia na sufuria ya ndengu kwa sababu ndicho chombo kilichokuwa na mtaji ndani yake. Chapati zilizonyang'anywa zingeweza kupikwa tena kesho. Sufuria ingechukua mwezi kununuliwa.

Nilimkuta nyuma ya ghala la vyuma. Alipokea vigoda, akanitazama usoni kwa muda, akanipigapiga mkono. Hatukuwa na lugha yoyote ya pamoja.

Baadaye kiongozi alitufafanulia. Tangu mwaka 2008 uongozi wa jiji ulipiga marufuku uchuuzi katika mitaa 62 na maeneo 48 ya umma. Mwaka 2017 ikaja kampeni nyingine ya kusafisha njia za waendao kwa miguu. Wachuuzi wengi ni wanawake wa mashambani wanaokuja mjini kuuza, hulala wengi katika chumba kimoja cha kupanga, na kupeleka nyumbani pesa za karo. Hoja za wakuu si za kipuuzi. Njia ni nyembamba, pikipiki ni nyingi mno, na mpita njia anahitaji pa kukanyaga. Hata hivyo jiji hilo hilo hulipamba tangazo la utalii kwa picha ya mwanamke mwenye kofia ya pia na mzegazega. Meza ya rais imewekewa kioo isiguswe, na kigoda cha mtaani hukimbizwa usiku. Nairobi pia inajua mchezo huo.

Tulipotulia tulipelekwa kunywa kahawa ya mayai. Mwaka 1946, maziwa yalipokuwa adimu, Nguyễn Văn Giảng aliyekuwa akihudumu katika hoteli ya Metropole alipiga ute wa njano wa yai kwa sukari na kuumwaga juu ya kahawa chungu. Ni kitu kizito, kitamu kupita kiasi kwa maoni yangu. Lakini nilijiuliza kwa nini sisi tunaoikuza kahawa bora huishia kunywa chai, ilhali Vietnam, ya pili duniani kwa kuuza kahawa nje, huinywa yake kila pembe ya barabara. Kahawa waliletewa na wamisionari wa Kifaransa katika karne ya 19, na jina lake wamelinyoosha likawa 'cà phê', kama sisi tulivyolinyoosha la Kiarabu. Hata hati yao ilihama kama yetu. Zamani waliandika kwa herufi za Kichina na za Nôm, na hati hii ya Kirumi ilichapishwa katika kamusi ya Alexandre de Rhodes mjini Roma mwaka 1651. Alama zilizojazana juu na chini ya irabu huonyesha toni au aina ya irabu yenyewe. Usipoziangalia, 'phở', tambi za supu, itakaribia 'phố', yaani barabara. Mwalimu wangu wa fonolojia angelifurahi. Mfano wake wa siku zote ni 'barabara' na 'barábara'.

Nirejee kwenye swali la jopo. Ilipokaribia saa nne usiku, baiskeli ilipita taratibu ikiwa na kapu lililofunikwa blanketi na kipaza sauti kidogo kilichokuwa kikirudia: 'Xôi lạc bánh khúc đây!' Maana yake ni wali wa kunata wenye karanga, na bánh khúc, hivi hapa! Mdundo wake huanza chini, hupanda, kisha huburuta neno la mwisho hadi kona inayofuata. Kiongozi wetu aliniambia kuwa mtu wa Hanoi aliye ughaibuni akiusikia mwito huo hulia machozi. Mwenzangu wa warsha alinithibitishia kuwa fasihi yao iliyoandikwa ilikwisha kuupokea ulimwengu huu zamani. Thạch Lam aliyefariki mwaka 1942 aliacha makala juu ya mitaa, wachuuzi na vitafunio vya mji huo, zilizotolewa kitabuni mwaka 1943 kwa jina *Hà Nội băm sáu phố phường*. Nguyễn Tuân aliandika insha nzima juu ya phở mwaka 1957. Vũ Bằng, akiwa Saigon na nchi imegawanyika tangu mwaka 1954, alitoa *Miếng ngon Hà Nội* mwaka 1960, kitabu cha mtu anayeukumbuka mji wake kwa ulimi. Kitafunio cha barabarani kwao huitwa 'quà', na neno hilo hilo ndilo zawadi.

Kuna hoja moja, hata hivyo, ambayo baiskeli ile ilinipa bila kukusudia. Sauti ya kipaza ni ya kurekodiwa, haimwoni mteja. Mama yangu hubadilisha mwito wake kulingana na aliye mbele yake. Kwa vibarua wa alfajiri husema, 'Moto moto! Aliyekula jana aje asimulie!' Kwa basi la usiku hunyoosha sauti: 'Safari ndefu, ndengu ndiyo nguvu!' Itazame takriri ya 'nd' katika mwito huo wa pili, na irabu 'u' inayofunga 'ndefu', 'ndengu' na 'nguvu'. Yuko fanani, iko hadhira, iko papo kwa papo, iko tofauti ya utendaji kati ya asubuhi na usiku. Vigezo vyote tunavyofundishwa katika fasihi simulizi vimo. Kinachokosekana ni heshima ya mahali pa utendaji, kwani kituo cha basi si baraza wala si ngomani. Pendekezo langu nimeliandika upya kwa msingi huo, na sikubadilisha utanzu. Nimeongeza sura juu ya kipaza sauti, kwa sababu kimeingia hata kwetu, na kinachopotea mwito unapogandishwa kinastahili kupimwa.

Usiku ule, kwa saa za nyumbani ikiwa jioni, nilimpigia mama. Nilimsimulia ndengu za sukari, akaguna. Nilimsimulia gari na vichochoro. Hakutaka kujua ladha ya chochote. Aliuliza bakuli moja ni bei gani, na kama mwenye duka la nyuma hutoza ada ya kukaa mbele ya mlango wake. Kisha akauliza maji ya kuoshea vyombo huyatoa wapi. Nikamweleza kuwa kila mmoja ana beseni mbili, na maji humwomba jirani mwenye mfereji.

'Na jirani asipokuwepo?' akauliza. Kabla sijajibu nilimsikia akigeuka kutoka kwenye simu, akitaja bei kwa mtu aliyekuwa amefika.